Vitu Vyangu Viko Njiani: Kisa cha Bunduki Iliyopotea na Sanduku la Mtu wa Reli

Fomu Na. 5 ya mirathi, ile ya orodha ya mali na madeni ya marehemu, haina nafasi ya "labda". Mali ipo ukaiandika, au haipo ukaiacha. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Tabora alinijia na fomu hiyo ikiwa imejazwa mistari sita. Kwenye mstari wa saba alikuwa ameandika kwa penseli, "Bunduki 1". Akafuta, akaandika tena, akafuta tena. Karatasi ilikuwa imeanza kutoboka mahali hapo.

"Mzee wangu," alisema, "nikiiandika hakimu ataniuliza iko wapi. Nisipoiandika, ndugu zangu watasema nimeila."

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Kazi yangu kubwa ni kuwasaidia watu wasipotee kwenye karatasi za mirathi, ardhi na matunzo ya watoto. Kisa hiki nakieleza kwa ruhusa ya familia. Majina sitaji, na jina la kijiji nalo nimeliacha. Bunduki yenyewe si sababu yangu ya kukieleza. Ninachotaka kionekane ni kile kilichoandikwa pembeni mwa namba ya bunduki, kitu ambacho watu wanaofuatilia mali za marehemu hukipita bila kukitazama.

Marehemu, baba wa mwalimu huyo, alikuwa mtu wa reli. Aliajiriwa kijana, shirika likiwa bado la Afrika Mashariki nzima, akapanda hadi kuwa nyapara wa genge, yaani kiongozi wa wale wanaotembea na nyundo na spana kukaza njia na kubadilisha mataruma. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 reli ikawa ya Tanzania peke yake, yeye akaendelea na nyundo ileile. Alistaafu mwaka 1993, akakaa Ng'ambo, mtaa wa hapa Tabora, akafariki akiwa na miaka themanini na kitu. Aliacha mjane mmoja, watoto saba, na mdogo wake wa kiume. Huyo mdogo wake, ambaye watoto wanamwita baba mdogo, ndiye aliyebeba tuhuma zote za kisa hiki.

Mistari sita ya kwanza haikuwa na ugomvi: nyumba, kiwanja, akiba ndogo ya benki, ng'ombe wanne waliokuwa kwa mkwe, baiskeli na redio. Bunduki ndiyo iliyokuwa shida, kwa sababu kila mtu aliijua na hakuna aliyeishika. Mtoto wa kwanza wa kiume aliiona kwa macho yake akiwa mdogo, walipokwenda na baba yao "porini kwa nyuki". Anakumbuka kitako cha mbao chenye ufa uliofungwa waya wa shaba. Wengine waliisikia tu kwenye masimulizi. Safari hizo za nyuki marehemu alikuwa akifuatana na mdogo wake, kwa hiyo hesabu ya ukoo ilikuwa fupi: aliyejua ilipo ni baba mdogo, na kama haipo basi kaiuza.

Maneno hayo yalinong'onwa miezi mingi kabla ya msiba, tangu mzee alipoanza kuumwa. Siku ya arobaini mmoja wa wakwe aliropoka mbele ya wageni. Watani waliokuwepo walijaribu kuokoa shughuli. Walidai bunduki wameichukua wao kuwa ujira wa kuchimba kaburi, na anayeitaka alete mbuzi. Utani haukushika. Baba mdogo alivaa kofia yake, akaaga wanawake jikoni, akaondoka bila kula pilau.

Wakati huo kulikuwa na wanaoshauri ukimya: msiiandike, msiiulize, itajipoteza yenyewe. Niliwakatalia. Kukutwa na silaha bila leseni katika nchi hii hushtakiwa kama uhujumu uchumi, na bunduki ambayo familia inajua ipo lakini haijui iko kwa nani inaweza kuibuka siku yoyote, kwenye ujangili au ujambazi, ikiwa na namba iliyosajiliwa kwa jina la baba yao. Pia leseni ya silaha hairithiwi kama kofia. Anayeikuta silaha ya marehemu anatakiwa kuifikisha polisi au kutoa taarifa, na mrithi anayeitaka anaomba upya kwa jina lake mwenyewe chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Wengi hudhani kikao cha ukoo kinatosha kumkabidhi mtoto wa kwanza bunduki. Hakitoshi.

Ila nilikuwa na sababu nyingine ya kuitaka iandikwe. Cherehani ya marehemu haina daftari lake serikalini, wala mizinga ya nyuki, wala shamba ambalo mtu alilipata kwa mdomo. Bunduki inalo. Anayemiliki bunduki kwa halali aliulizwa na serikali jina lake na la baba yake, kazi yake, anakaa wapi, silaha atatunza wapi na nani anamjua, na majibu yakaandikwa na mtu asiye ndugu yake. Akalipa ada, akapewa stakabadhi, mwaka uliofuata akarudi. Katika maisha ya fundi, mkulima au mtu wa reli wa miaka ya sitini, sijui ni kitu gani kingine kilichoandikwa kwa uangalifu huo mwaka hadi mwaka.

(Kuna kichekesho hapa kwa sisi wa Unyamwezi. Bunduki zimejaa katika historia yetu tangu misafara ya pembe, na mtemi Mirambo alijenga dola yake kwa mitutu na wapiganaji wake, rugaruga. Mitutu ile hakuna aliyeiandikia namba. Na hata leo, kama silaha ya marehemu huyu ingekuwa gobole la fundi wa kijijini, lisilo na namba ya kiwanda, kisa hiki kingekuwa kifupi sana na kisingefika popote.)

Tulianza na bahasha ya kaki ya mjane. Mama mwenyewe alikuwa ndani ya eda, hatoki, kwa hiyo binti yake, yule mwalimu, alikaa naye mkekani wakazipanga karatasi moja moja: kadi za kliniki, risiti za maji, barua ya kustaafu, picha mbili za pasipoti. Katikati ya kadi ya mpira wa wafanyakazi wa reli kulikuwa na stakabadhi ya serikali ya mwaka 1967, imekunjwa mara nne, imeliwa na mende kona moja. Ilisomeka vizuri mahali pamoja: ada ya leseni ya bunduki.

Hapo nilifanya kosa ambalo nalieleza ili lisirudiwe. Juu ya stakabadhi kulikuwa na namba nyekundu iliyopigwa chapa. Katikati, kwa kalamu ya wino, kulikuwa na namba mbili nyingine zimeandikwa kwa haraka. Nilichukua ile nyekundu kwa sababu ndiyo iliyosomeka, nikaiandika kwenye barua yetu ya kwanza kuwa ndiyo namba ya bunduki. Ilikuwa namba ya kitabu cha stakabadhi. Tulipoteza wiki tatu kuulizia kitu kisichokuwepo. Kati ya zile mbili za wino, moja ilikuwa ya leseni, ambayo hubadilika karatasi inapobadilika, na moja ndiyo ya silaha yenyewe, ile iliyochongwa kiwandani kwenye mwili wa chuma karibu na kifyatulio na ambayo haibadiliki hata bunduki ipite mikono kumi. Karani wa zamani aliandika 1 yenye mkia na 7 yenye mkato, na mende walikuwa wamekula nusu ya tarakimu moja. Mara ya pili tulipeleka namba mbili zinazowezekana na kusema wazi kwamba hatuna uhakika na tarakimu ya tatu. Nimejifunza kwamba shaka ukiikiri mapema humwokolea msomaji wa daftari muda mwingi.

Kosa la pili lilikuwa la ukoo mzima. Wote walidhani bunduki ilisajiliwa Tabora mjini kwa sababu mzee aliishi Tabora mjini. Mhuri wa stakabadhi ulikuwa umefifia, zimebaki herufi mbili za mwisho, "DA", na nusu ya duara. Kilichotufungua macho ni barua ya kustaafu. Shirika lilikuwa limeorodhesha humo vituo vyake vyote vya kazi na miaka yake. Niliiweka stakabadhi juu ya orodha hiyo: mwaka 1967 marehemu hakuwa Tabora mjini. Alikuwa kwenye tawi la reli linalotoka Kaliua kwenda Mpanda.

Anayezaliwa leo hawezi kujua kwamba Mpanda ya mwaka 1967 ilikuwa ndani ya Mkoa wa Tabora. Mwaka 1974 ulipoundwa Mkoa wa Rukwa, Mpanda ikaenda huko. Mwaka 2012 ukaundwa Katavi, na Mpanda ikawa makao yake makuu. Kwa hiyo mtu aliyechukua leseni "mkoani Tabora" anaweza kuwa na karatasi zilizopita chini ya mikoa mitatu bila yeye kuhama hatua moja. Ndivyo ilivyo pia kwa watu wa Sikonge na Uyui, ambao zamani walikuwa Wilaya ya Tabora. Anayefuatilia kumbukumbu za mzazi wake ajiulize kwanza mahali pale palikuwa pa wilaya gani na mkoa gani mwaka ule. Ramani ya leo itampoteza.

Binti alikuwa tayari ameteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi na Mahakama ya Mwanzo, ana Fomu Na. 4, ile ya uteuzi, mkononi, na hilo lilikuwa muhimu kuliko ujanja wowote. Daftari la silaha si kitabu cha maktaba. Si kila mtoto wa marehemu anaweza kwenda kaunta na kuomba kulifungua, na sioni ubaya wa masharti hayo, maana humo mna majina na makazi ya watu wengine wenye silaha. Tuliandika barua kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, wa Tabora, kwa sababu ndiko msimamizi anakoishi, tukiomba ombi letu lipelekwe Mpanda kwa njia ya ofisi. Tuliambatisha cheti cha kifo, nakala ya Fomu Na. 4, nakala ya stakabadhi na ya kitambulisho chake. Lugha ya barua niliipima sana. Hatukusema tunatafuta bunduki turithi. Tulisema msimamizi anaomba kujua hatima ya silaha iliyopata kusajiliwa kwa jina la marehemu, na kwamba mpaka tarehe ile hakuna mwanafamilia aliyeiona wala kuishika. Nakala yetu ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Karatasi hiyo yenye mhuri ilikuwa kinga ya familia: kuanzia siku ile, bunduki ikionekana popote, wao walikwisha sema.

Niliwapa pia onyo moja. Ikitokea mmeikuta darini au chini ya uvungu, msiishike, msiifungue kuona kama ina risasi, na msithubutu kumpa kijana aipeleke kituoni kwa bodaboda. Funga mlango, piga simu, waje wenyewe.

Muda ulikuwa unakwenda. Mahakama ya Mwanzo humpa msimamizi miezi minne tangu kuteuliwa kuleta orodha ya mali na madeni, na ndani ya miezi hiyo tulikuwa tumeshapoteza zile wiki tatu zangu. Kabla siku hazijaisha tuliandika kuomba kuongezewa muda, tukaeleza sababu. Hakimu akakubali. Watu wengi huacha muda upite ndipo waombe, nao huanza mazungumzo na mahakama wakiwa tayari wamekosea.

Jibu lilipokuja lilitaka msimamizi afike Mpanda na nyaraka zake halisi. Tulikwenda kwa treni ya usiku. Baba mdogo tulimwomba aje pia. Binti alimfuata nyumbani kwake, akampigia magoti, akamwambia, "Baba, shikamoo. Nimekuja kukuomba, sikuja kukuhoji." Mzee alikaa kimya kitambo, kisha akauliza treni ni saa ngapi.

Askari aliyetupokea alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu. Hakutupa daftari tulishike. Alilifungua upande wake wa meza, akafunika mistari ya juu kwa bahasha na ya chini kwa rula, akasoma mstari mmoja tu kwa sauti huku mimi nikiandika. Jina lilikuwa la marehemu, ila la baba yake limetangulia. Kazi: nyapara wa genge. Silaha: shotigani ya kiwanda cha BSA, geji 12, na namba, ambayo ilikuwa moja ya zile mbili tulizopeleka. Mdhamini: karani wa stesheni, akatajwa jina. Mahali pa kutunzia: nyumbani, kambi ya njia, na namba ya maili ya reli. Halafu, kwa wino mwekundu, neno moja na mwaka: imekabidhiwa, 1989.

Baba mdogo alikuwa amekaa nyuma yangu. Nilisikia akivuta pumzi. Hakusema kitu.

Kwa maana ya Fomu Na. 5, kazi ingeweza kuishia hapo. Bunduki haikuwa mali ya mirathi tena, imetoka mikononi mwa marehemu zaidi ya miaka thelathini kabla ya kifo chake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeipeleka. Askari alituandalia barua fupi ya kuthibitisha hivyo. Wengine tungeshukuru tukapanda treni kurudi. Lakini binti alikuwa bado anaangalia maandishi yangu, kidole kimesimama, kama siku ile kwenye fomu.

"Kambi ya njia," alisema. "Mzee wangu, baba alikuwa anasema vitu vyake viko njiani."

Ikabidi anieleze. Miaka ya mwisho, kila walipomuuliza mzee kuhusu karatasi zake za zamani, alijibu, "Vitu vyangu viko njiani." Watoto walidhani kuna mzigo unakuja. Walisubiri mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakaanza kutazamana, mwishowe wakakubaliana kuwa uzee umemchukua. Lakini kwa mtu wa reli njia ni reli yenyewe. Wao husema genge la njia, mkaguzi wa njia, yuko njiani. Mzee alikuwa anawajibu sawasawa, kwa lugha ya kazi yake, na nyumba nzima haikuwa na mtu wa kuielewa.

Hiki ndicho ninachokitafuta sasa kwenye kila leseni ya zamani inayopita mezani kwangu: safu ya mahali pa kutunzia, na ya mdhamini. Nauliza kwanza mwenye silaha alilala wapi kiasi cha kuiandikia serikali kwamba hapo ni nyumbani, na nani alisimama kwa ajili yake. Kulikoandikwa hivyo mara nyingi kuna na vitu vingine.

Pale kituoni swali lilikuwa kama mahali penyewe bado papo. Katika miaka ya katikati ya sabini Operesheni Vijiji ilihamisha watu kwa mamilioni nchini, na anwani nyingi za kabla ya hapo ni mahame: jina lipo kwenye karatasi, chini kuna kichaka. Ukitafuta kitongoji cha mwaka 1967 kwa jina unaweza kuzunguka wiki nzima. Ila marehemu alikuwa amejiandikisha kwa namba ya maili. Vijiji vilihama, reli haikuhama. Mfanyakazi mmoja wa njia alizibadili maili kuwa kilomita, akahesabu kutoka kwenye stesheni iliyo jirani, akatuambia kambi ile ilishavunjwa lakini kuna kijiji karibu yake, na kwamba ukoo wa yule karani haukuondoka.

Karani mwenyewe alikwisha fariki. Tulimkuta mwanawe, naye sasa ni mzee mwenye mvi, akitengeneza mzinga wa gogo kivulini. Alipotajiwa jina la marehemu alisimama, akaita mkewe, akasema, "Wamekuja wa nyapara." Kisha akatuuliza swali ambalo binti hakuwa na jibu lake: kwa nini mmechelewa hivi?

Sanduku lilikuwa chumbani kwake, la bati, limepakwa rangi ya reli, kufuli yake imeshika kutu. Hakuwahi kulifungua. Aliliita amana. Vijana tuliokuwa nao walitaka kuvunja kufuli palepale, nikawazuia. Tulimwita mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, tukakaa uani, baba mdogo ndiye aliyevunja, na kila kilichotoka kiliandikwa kwa mstari wake kabla hakijagusana na kingine. Watu wanane walitia saini. Ilituchukua alasiri nzima. Najua inaonekana ni kujisumbua, lakini sanduku lililofunguliwa na ndugu wawili bila mashahidi ni kesi nyingine inayoanza.

Kulikuwa na kitabu cha leseni, kimelipiwa mwaka hadi mwaka hadi 1989. Miaka ya 1973 hadi 1978, uwindaji ulipopigwa marufuku nchini, ada iliendelea kulipwa kama kawaida, maana leseni ya bunduki na kibali cha kuwinda ni vitu viwili, na yeye aliitumia kulinda shamba dhidi ya nguruwe. Ndani ya kitabu kulikuwa na hati ya kukabidhi. Mwana wa karani alikumbuka siku zile. Ilikuwa Operesheni Uhai, askari na wanajeshi wanasaka majangili na pembe misituni, na mzee alisema hana nguvu ya kumweleza kila doria kwamba bunduki yake ni ya nguruwe. Akaifunga kwenye mkeka, akaipeleka mwenyewe.

Kulikuwa pia na saa ya mfukoni, picha, karatasi za kodi za zamani, daftari la asali na nta, na karatasi ya kijiji ya mwaka 1976 yenye mhuri, inayomgawia shamba la ekari tatu. Hakuna mtoto aliyewahi kusikia habari ya shamba hilo. Baba mdogo alilijua, lakini alidhani lilirudi kijijini mzee alipoacha kuja, miguu ilipomkatalia safari.

Hapa inabidi kutenganisha karatasi na karatasi, maana familia ilipoliona shamba ilitaka kutembea na kitabu cha leseni kama hatimiliki. Leseni ilithibitisha kwamba marehemu aliruhusiwa kuwa na silaha fulani na kwamba alijieleza kuwa anaishi mahali fulani. Haikuthibitisha kwamba nyumba ni yake, sembuse ekari tatu. Kilichobeba shamba ni karatasi ya kijiji, kumbukumbu za kijiji zilizokubaliana nayo, na kauli ya mtu aliyekuwa akililima. Mtu huyo, mwana wa karani, alikuwa amelilima zaidi ya miaka ishirini. Angekuwa na tamaa angesema muda wa kudai ardhi ni miaka kumi na miwili na umeshapita. Lakini aliyekaribishwa kwenye ardhi hageuki kuwa mmiliki kwa sababu tu amekaa sana, na yeye hakutaka hata tufike kwenye mjadala huo. Alisema mbele ya mtendaji kwamba shamba ni la nyapara, yeye alikuwa mlinzi. Tuliiandika kauli hiyo siku ileile, akaweka saini. Mwenye kauli nzuri leo anaweza kufa kesho, na watoto wake hawakuwepo uani.

Daftari la nta nalo lilileta lake. Ukurasa wa mwisho, wa mwaka 1991, ulionyesha marehemu alikuwa amechukua nta kwa karani na hajalipa shilingi elfu nne. Mwana wa karani alicheka, akasema limesamehewa. Binti hakucheka. Familia ni ya Kiislamu na mirathi inakwenda kwa sheria ya Kiislamu: deni linatangulia, kisha wasia kama upo, ndipo mjane apate thumuni yake, sehemu moja ya nane, na watoto mafungu yao. Na deni la karani si la mwanawe mmoja kulisamehe, ni la warithi wote wa karani. Tukaandika deni, na baadaye zikaja saini nne za kulisamehe. Sheikh aliyeulizwa Tabora alisema ndivyo inavyotakiwa.

Mizinga ilikuwa habari ya huzuni kidogo. Daftari lilisema sitini na minne. Tuliyoikuta juu ya miti, yenye alama ya marehemu iliyochomwa kwa chuma, ilikuwa ishirini na miwili, na nusu yake haina nyuki.

Tuliporudi, Fomu Na. 5 ilijazwa upya kwa kalamu. Mstari wa saba ukawa sanduku la bati na vilivyomo, orodha imeambatishwa. Wa nane shamba, wa tisa mizinga 22. Kwenye madeni ikaandikwa nta, imesamehewa. Bunduki haikuandikwa popote kwenye orodha. Iko kwenye viambatisho, barua ya polisi na hati ya kukabidhi, ili hakimu akiuliza apewe. Aliuliza. Alisoma, akageuza karatasi nyuma na mbele, akaendelea na kesi.

Siku hiyo baba mdogo alinifuata nje ya mahakama akitaka fotokopi ya hati ya kukabidhi. Tulikwenda dukani ng'ambo ya barabara. Alipofika kaunta akasema ziwe mbili. Nilimuuliza ya pili ni ya nani.

"Ya yule aliyesema kwenye arobaini," alijibu, akiikunja na kuitia mfukoni. "Nitampelekea mwenyewe, na safari hii nitakula."